Kosa la masaa manne

Kama umewahi kuandika programu yoyote inayohifadhi tarehe, unaujua uchungu ninaotaka kuanza nao. Miaka kadhaa iliyopita nilimtengenezea mteja mmoja mfumo wa kupokea malipo ya kila mwezi. Seva ilikuwa Ulaya, saa yake ikifuata GMT, nami kwa uvivu sikuigusa. Mtu akilipa hapa Nairobi saa saba usiku wa tarehe mosi, mfumo ulimwandika kwamba amelipa saa nne usiku, mwezi uliopita. Miezi mitatu ikapita bila mtu kugundua. Ripoti zilitoka safi, grafu zikapendeza macho. Programu ikianguka unajua imeanguka. Saa ikikosea unapewa jibu zuri, tena lisilo na wasiwasi wowote, na jibu lenyewe ni la uongo.

Nimeikumbuka aibu hiyo juzi nikisoma historia ya mawimbi ya mvutano. Wengi wetu tunaijua hadithi hiyo kwa mwisho wake: Septemba 2015 mitambo miwili huko Marekani ilihisi mtikisiko uliotoka mbali kupita kiasi, dunia ikashangilia, Tuzo ya Nobel ikatolewa. Mimi nimevutiwa zaidi na mwanzo wake, na mtu aliyekuwa pale mwanzo. Anaitwa Joseph Weber. Mwaka 1969 aliutangazia ulimwengu kwamba ameyapata mawimbi hayo, na heshima yake ikaja kuzama kwa sababu kadhaa, mojawapo ikiwa ni tofauti ya masaa manne kati ya mikanda miwili ya data.

(Walimu wangu wa Kiswahili, najua wingi wa saa ni saa. Lakini nikiandika "kosa la saa nne" nusu ya wasomaji watadhani naongea juu ya chai ya asubuhi.)

Kwanza tuelewane kuhusu mawimbi yenyewe. Newton alituachia picha ya mvutano kama kamba isiyoonekana: jua huku, dunia kule, na nguvu inayovuta katikati. Mwaka 1915 Einstein aliitupa kamba hiyo. Kwake yeye, kitu kizito hupinda nafasi na wakati vinavyokizunguka, na vitu vingine hufuata mpindo huo. Mwaka uliofuata hesabu zake zikamwonyesha jambo la ziada. Vitu vizito vikizungukana kwa kasi, mpindo hautulii mahali pamoja, bali unatoka na kusambaa kwa kasi ya mwanga. Wimbi la namna hiyo likikupitia linakunyoosha kwa urefu huku likikubana kwa upana, halafu linageuza: linakubana kwa urefu na kukutanua kwa upana. Chukua bangili ya plastiki laini, ibonyeze juu na chini, utaona inavyopanuka kando. Ndivyo hivyo.

Shida ni ukubwa. Hata msukosuko mkubwa kabisa wa angani, ukishafika kwetu, unainyoosha fimbo ya kilomita 4 kwa kiasi kilicho kidogo mara mia kadhaa kuliko upana wa protoni moja. Einstein mwenyewe hakuamini kwamba kuna mtu angewahi kupima kitu kama hicho.

Tena kuna wakati hakuamini hata kwamba mawimbi hayo yapo. Mwaka 1936, akishirikiana na Nathan Rosen, alipeleka makala kwenye jarida la Physical Review akidai kwamba mawimbi ya mvutano hayawezi kuwepo. Mhariri akampa mhakiki aisome, na mhakiki akaona kosa katika hesabu. Einstein, ambaye hakuzoea kazi yake kupitiwa na mtu asiyemjua, alikasirika akaiondoa makala. Baadaye alikuja kugundua kwamba kweli kulikuwa na kosa, akageuza hitimisho, na makala ikatoka mwaka 1937 katika jarida jingine. Ukishawahi kurudishiwa msimbo wako na mwenzako mwenye maoni mengi, jipe moyo. Yaliwapata wakubwa.

Ubishi huu wa kama mawimbi ni kitu halisi au ni kivuli cha hesabu tu uliendelea hadi mwaka 1957, wanafizikia walipokutana Chapel Hill, North Carolina. Hoja iliyowashika watu pale iliendelezwa na Richard Feynman, na ni rahisi kiasi kwamba bibi yangu angeielewa. Tia shanga mbili kwenye ufito, zikibana kidogo. Wimbi likipita, shanga zitateleza mbele na nyuma zikisugua ufito. Kusugua kunaleta joto. Joto ni nishati. Basi wimbi limebeba nishati, na kinachobeba nishati kinaweza kunaswa.

Kati ya waliokuwa kwenye mkutano huo alikuwepo Weber. Hakuwa mwanafizikia wa karatasi na kalamu. Alizaliwa mwaka 1919, akawa afisa wa jeshi la majini la Marekani, akaponea chupuchupu meli yake Lexington ilipozamishwa mwaka 1942 katika vita vya Bahari ya Matumbawe, kisha akawa profesa wa uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Maryland. Mwaka 1952 alitoa hotuba ya mapema kabisa kuhusu wazo lililokuja kuzaa meza na leza, lakini Nobel ya kazi hiyo mwaka 1964 ilikwenda kwa Townes, Basov na Prokhorov. Kumbuka jambo hilo. Nadhani mtu aliyekosa treni moja hukimbia zaidi akiiona ya pili.

Chombo alichobuni kilikuwa cha kihandisi hasa: mche duara wa aluminiamu, urefu wa mita moja na nusu hivi, uzito zaidi ya tani moja, umening'inizwa kwa waya ndani ya tangi lililotolewa hewa. Mche wa namna hiyo ni kama kengele. Ukiugonga, hulia kwa sauti yake, na wa Weber ulilia kwa mitetemo 1,660 hivi kwa sekunde. Wimbi la mvutano lenye mwendo huohuo likipita lingeugonga kidogo sana, na fuwele zilizogundishwa kiunoni mwake zingeugeuza mtikisiko huo kuwa umeme. Alitengeneza zaidi ya mmoja. Mmoja aliuweka Maryland, mwingine maabara ya Argonne karibu na Chicago, umbali wa kilomita kama 1,000, ili lori likipita barabarani upande mmoja lisiudanganye upande wa pili.

Hata kama hakuna lori, mche haunyamazi. Joto lake lenyewe huutikisa bila kukoma, kwa hiyo karatasi ya grafu daima imejaa vilele vidogo vidogo. Mara mojamoja mche wa Maryland utatoa kilele kwa bahati tu sekunde ileile ambayo ule wa Chicago nao umetoa. Utajuaje basi kama sadfa ulizozihesabu ni wimbi au ni bahati? Jibu la Weber lilikuwa la werevu mkubwa, na naomba ulishike maana tutalirudia. Chukua data ya mche mmoja, icheleweshe sekunde kadhaa, halafu hesabu sadfa upya. Wimbi la kweli haliwezi kuonekana tena, kwa sababu sasa unalinganisha nyakati mbili tofauti. Sadfa zote unazopata kwenye data iliyosogezwa ni za bahati nasibu. Ukirudisha saa mahali pake na kukuta sadfa zimezidi idadi hiyo, ziada hiyo ndiyo ya kuchunguza.

Weber alipata ziada. Juni 1969 alichapisha kwamba ana ushahidi wa kugunduliwa kwa mawimbi ya mvutano, na mwaka uliofuata akasema yanaonekana kutoka upande wa kitovu cha galaksi yetu. Akawa mtu maarufu. Maabara za Marekani, Uingereza, Ujerumani na Urusi zikaanza kuunda miche yao.

Hapa niingize jambo la nyumbani, maana miaka ni ileile. Tarehe 12 Desemba 1970, Jamhuri ikitimiza miaka 7 ya uhuru, Wataliano walirusha setilaiti ya NASA kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi. Kwa heshima ya siku hiyo setilaiti ikapewa jina Uhuru. Kazi yake ilikuwa kutazama anga kwa eksirei, na kati ya mambo iliyoyaona ni jinsi chanzo kiitwacho Cygnus X-1 kilivyokuwa kikimetameta haraka mno. Kitu kinachobadilika haraka hivyo lazima kiwe kidogo. Wanaastronomia wa darubini za kawaida walipoikuta nyota inayozungushwa na kitu hicho, wakapima uzito wake, likawa shimo jeusi la kwanza kukubalika kwa uzito. Kwa hiyo wakati Weber akisikiliza miche yake Maryland, ushahidi kwamba mashimo meusi yapo kweli ulikuwa ukishuka kutoka chombo kilichorushwa pwani yetu. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ya Uhuru, alipewa Nobel mwaka 2002. Sijui kwa nini hatufundishwi hili shuleni pamoja na reli na mito.

Turudi kwa Weber. Dalili ya kwanza kwamba mambo hayaendi sawa ilitoka kwa watu wa hesabu. Kama kila mgongo kwenye miche yake ni wimbi la kweli kutoka kitovu cha galaksi, basi galaksi ingekuwa ikiteketeza maada sawa na jua zipatazo 1,000 kila mwaka. Kwa mwendo huo ingekuwa imeisha zamani. Kisha maabara nyingine zikawasha miche yao, baadhi yenye masikio makali kuliko ya Weber, na zote zikanyamaza. Anthony Tyson wa Bell Labs hakupata kitu. Vladimir Braginsky mjini Moscow hakupata kitu. Ronald Drever wa Glasgow hakupata kitu, na Wajerumani pia hawakupata. Richard Garwin na James Levine wa IBM waliunda mche mdogo zaidi kwa makusudi ya kumjibu Weber, nao ukanyamaza.

Na sasa kile kilichonifanya nisimame nikatembea chumbani. Weber, kwa uungwana wake, alibadilishana mikanda ya data na wenzake, akiwemo David Douglass wa Chuo Kikuu cha Rochester aliyekuwa na mche wake mwenyewe. Akalinganisha mkanda wake na wa Rochester, akatangaza kwamba amepata ziada ya sadfa. Ila mkanda wa Rochester uliandikwa kwa saa za Greenwich, na wa Maryland uliandikwa kwa saa za kiangazi za mashariki mwa Marekani. Tofauti ni masaa manne kamili. Alikuwa amelinganisha mche mmoja mchana na mwingine jioni, na bado "akayaona" mawimbi.

Fikiria maana yake. Bila kujua, Weber alikuwa ameufanya mtihani wake mwenyewe. Alisogeza data ya upande mmoja, si kwa sekunde mbili bali kwa masaa manne, na kwenye data iliyosogezwa hivyo hapawezi kuwa na wimbi. Jibu lilipaswa kuwa sifuri. Ikiwa njia yako ya kuchambua inakuonyesha ziada hata pale ambapo haiwezekani iwepo, basi njia hiyo ndiyo inayoitengeneza.

Halikuwa kosa pekee. Douglass aliipitia programu ya tarakilishi ya Weber, akakuta ina hitilafu iliyozalisha karibu sadfa zote zilizotangazwa kwenye mkanda wa siku chache za Juni 1973. Garwin naye, mtu asiyepepesa maneno, alimkabili hadharani kwenye mkutano wa Cambridge, Massachusetts, mwaka 1974. Yeye na Levine waliiga kwa tarakilishi data ya kelele tupu, wakaonyesha kwamba ukiwa huru kuchagua kiwango cha kuhesabia kilele baada ya kuiona data, ukachagua tena na tena mpaka matokeo yapendeze, ziada itatokea. Mwisho wa mwaka Garwin akayaandika yote kwenye jarida la Physics Today.

Mimi simwoni Weber kama tapeli. Tapeli hampi mshindani mkanda wake wala msimbo wake. Ninachokiona ni mtu aliyekuwa peke yake na piga za redio mkononi, akizungusha huku na huku kutafuta stesheni anayoamini ipo, na hakuna aliyeketi kando yake kumuuliza: ungezungusha hivyo kama hungejua unachotafuta? Hakukubali kushindwa. Ufadhili ukakatwa, akaendelea kuitunza miche yake kwa fedha zake mwenyewe, na alifariki Septemba 2000, mwenye umri wa miaka 81, akiamini bado kwamba aliyasikia.

Mwaka uleule wa 1974 uliomvunja Weber, kijana Russell Hulse na mwalimu wake Joseph Taylor walikuta, kwa darubini ya redio ya Arecibo huko Puerto Rico, nyota mbili za nyutroni zikizungukana kila baada ya masaa 7 na dakika 45. Moja yao ni pulsa, yaani inatoa mapigo ya redio kwa mpangilio kama saa. Kwa kuihesabu miaka na miaka, Taylor na wenzake waliona mzunguko unafupika kwa sehemu 76 hivi za milioni ya sekunde kila mwaka. Nyota zinapoteza nishati, na kiasi kinachopotea ni kile kinachotakiwa na hesabu za Einstein kama zinatoa mawimbi ya mvutano. Nobel ikatoka mwaka 1993. Mawimbi yapo, basi. Kilichobaki ni kuyakamata yenyewe.

Njia iliyofaulu haikutumia kengele. Rainer Weiss wa MIT alikuwa akifundisha somo la mvutano, wanafunzi wakamuuliza kuhusu miche ya Weber, naye akaona hawezi kuieleza kwa namna anayoielewa. Akawapa zoezi: fikirieni kupima kwa mwanga tu. Pasua mwali wa leza mara mbili, upeleke kwenye mikono miwili yenye umbo la L, urudishwe na vioo, uunganishwe tena. Mkono mmoja ukirefuka kidogo kuliko mwingine, mwanga unaorudi unabadilika. Warusi wawili, Gertsenshtein na Pustovoit, walikuwa wamelipendekeza wazo hilo mwaka 1962, na mwanafunzi wa Weber, Robert Forward, ndiye aliyeunda mfano wa kwanza mdogo. Alichofanya Weiss mwaka 1972 ni kuandika ripoti iliyotaja, moja baada ya nyingine, kila kelele itakayokuja kukuudhi: mitetemo ya ardhi, joto la vioo, mtikisiko wa leza, hata uvutano wa hewa inayopita. Ni kama mhandisi anayeandika orodha ya hitilafu kabla hajaandika mstari mmoja wa msimbo.

Kutoka ripoti hiyo hadi mitambo ilipita miaka mingi ya siasa na bajeti ambayo sitaisimulia. Kip Thorne na Drever walijiunga kutoka Caltech, Barry Barish akaja mwaka 1994 akaupanga mradi ukapangika, na LIGO ikajengwa sehemu mbili: Hanford jimbo la Washington na Livingston jimbo la Louisiana, kilomita 3,000 baina yake, kila mkono kilomita 4. Ilisikiliza kuanzia mwaka 2002 hadi 2010 na haikupata chochote. Baadhi yetu tuliochangia nguvu za tarakilishi zetu usiku kupitia Einstein@Home, iliyoanza mwaka 2005, tunaikumbuka ile picha ya anga ikizunguka kwenye kioo huku feni ikilalamika.

Kivuli cha Weber hakikuwaacha. Ili wasijidanganye kama yeye, waliweka utaratibu ambao mimi nauonea wivu: kikundi kidogo kilipewa ruhusa ya kusukuma vioo kisirisiri na kutia ishara bandia, bila kuwaambia wenzao. Tarehe 16 Septemba 2010 ishara nzuri ilionekana, ikitoka upande wa kundinyota la Mbwa Mkubwa. Wakaiita kwa utani "mbwa mkubwa". Walifanya kazi miezi sita, wakabishana kila nukta, wakaandika makala nzima tayari kuchapishwa. Machi 2011 wakakusanyika ukumbini huko Arcadia, California, bahasha ikafunguliwa. Ilikuwa bandia. Miezi sita ya mamia ya watu, na walipiga makofi. Fikiria kumwambia meneja wako kwamba unataka kufanya jaribio la namna hiyo.

Ndiyo maana tarehe 14 Septemba 2015, mitambo ikiwa imeboreshwa na karibu kuanza kazi rasmi, Marco Drago alipoona mjini Hannover, Ujerumani, taarifa iliyotumwa na programu dakika chache baada ya tukio, wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba kuna mtu ametia ishara bandia. Alimwita mwenzake Andrew Lundgren, wakapiga simu Livingston. Hakuna aliyetia kitu. Ilikuwa saa 6 na dakika 50 mchana kwa saa za kwetu. Ishara ilipita Livingston kwanza, na milisekunde 7 hivi baadaye ikapita Hanford. Ilidumu moja ya tano ya sekunde, ikipanda kutoka mitetemo 35 hadi 250 kwa sekunde, kama mluzi unaopanda ghafla na kukatika.

Waliuliza swali lilelile la Weber: ni wimbi au ni bahati? Na walilijibu kwa njia ileile ya Weber. Walichukua siku 16 za data, wakaisogeza ya mtambo mmoja dhidi ya mwingine kwa moja ya kumi ya sekunde au zaidi, wakahesabu sadfa, wakaisogeza tena, na tena, mara mamilioni, hadi wakapata sawa na miaka 608,000 ya data isiyoweza kuwa na wimbi. Katika yote hiyo hakuna sadfa ya bahati iliyofikia nguvu za ile ya tarehe 14. Ndipo waliposema kwamba bahati haiwezi kuleta kitu kama hicho zaidi ya mara moja katika miaka 203,000. Tofauti ni kwamba viwango vya kuhesabia vilikuwa vimefungwa kabla ya kufungua data. Piga za redio hazikuwa tena mkononi mwa mtu. Tangazo likatoka tarehe 11 Februari 2016, na Nobel ya mwaka 2017 ikaenda kwa Weiss, Thorne na Barish. Drever alikuwa amefariki miezi michache kabla.

Walichokisikia ni mashimo meusi mawili, moja la uzito wa jua 36 na jingine la 29, yakiungana kuwa moja la 62. Toa hesabu: jua 3 hazipo. Zote ziligeuka kuwa mawimbi katika sehemu ndogo ya sekunde, miaka bilioni 1.3 iliyopita. Na uzito huo uliwashtua watu. Mashimo yaliyojulikana kwa eksirei, yale ya ukoo wa Cygnus X-1 yaliyofunguliwa na Uhuru, mengi hayakufika hata jua 20. Hakuna aliyekuwa na hakika kwamba nyota zinaweza kuacha mabaki makubwa hivyo. Tangu hapo matukio yaliyoorodheshwa yamepita 200, na mwaka 2025 lilitangazwa moja lililoacha shimo la jua zaidi ya 200, ambalo nadharia za kufa kwa nyota bado zinahangaika nalo.

Lakini tukio ninalolipenda ni la tarehe 17 Agosti 2017. Safari hii zilikuwa nyota mbili za nyutroni, na nyota za nyutroni zikigongana hutoa mwanga. Programu ilitoa taarifa kutoka Hanford peke yake. Livingston ilikuwa imekohoa: kelele fupi ilipita sekunde moja hivi kabla ya nyota kugongana, na programu ikaikataa data yote. Ilibidi binadamu afungue grafu kwa macho yake, akaona mluzi mrefu umepita waziwazi chini ya kikohozi. Walikata kelele ile, wakaunganisha na mtambo wa Virgo wa Italia, ambao haukusikia karibu chochote. Ukimya huo nao ukawa habari, kwani ulionyesha kwamba chanzo kiko mahali ambapo Virgo husikia kwa shida. Sekunde 1.7 baada ya mgongano setilaiti ya Fermi ilikuwa imeona mwako wa miali ya gama. Kabla masaa 11 hayajaisha darubini huko Chile ikakuta nukta mpya ya mwanga kwenye galaksi NGC 4993, umbali wa miaka nuru milioni 130.

Setilaiti ya Swift ikaelekezwa huko, ikaona nukta hiyo inang'aa kwa rangi ya urujuanimno. Kituo kikuu cha ardhini kinachopokea data ya Swift kiko Malindi, palepale ilikorushwa Uhuru. Kadiri siku zilivyopita mwanga uligeuka kutoka samawati kuwa mwekundu, dalili kwamba elementi nzito zilikuwa zikipikwa ndani ya mabaki. Hiyo ni familia ya dhahabu na platinamu. Pete ya ndoa, mkufu wa bibi harusi wa Kiswahili, sehemu kubwa ya dhahabu yake huenda ilizaliwa katika migongano ya namna hii kabla dunia haijakuwepo. Na kwa kuwa wimbi na miali ya gama vilisafiri miaka milioni 130 vikafika kwa kupishana sekunde mbili tu, tulijua pia kwamba mvutano na mwanga vina kasi moja. Nadharia kadhaa zilizotaka kumrekebisha Einstein zilikufa siku hiyo.

Mojawapo ya miche ya Weber imewekwa leo Hanford, wageni wauone. Wimbi la 2015 lilikuwa dogo mno, na lilitetema polepole mno, kuuamsha.

Kama una tarakilishi na intaneti, usiniamini mimi. LIGO huweka data yake wazi. Pakua faili ya sekunde 32 kwa kila mtambo, vipimo 4,096 kwa sekunde, inafunguka kwa Python bila shida. Chuja kelele ya chini ya mitetemo 35 na ya juu ya 350. Sogeza data ya Hanford kwa milisekunde 7, ipindue juu chini kwa sababu mikono ya mitambo hiyo imeelekea tofauti, kisha ilaze juu ya ile ya Livingston. Mistari miwili itakaa pamoja kama nguo na bitana. Usihangaike na majira: LIGO huhesabu sekunde tu, moja baada ya nyingine, tangu tarehe 6 Januari 1980, bila Greenwich, bila saa za kiangazi, bila Nairobi. Sekunde unayoitafuta ni 1126259462.